Maswali yenu: kompyuta ya kliniki, dawa na mgonjwa

Safari iliyopita nilimtaja David Bates, daktari na mtafiti wa Boston, Marekani, ambaye tangu miaka ya 1990 anahesabu makosa ya dawa hospitalini na kupima kama kompyuta inayapunguza. Barua zimemiminika. Nimechagua chache na kuzifupisha.

"Kituo chetu cha afya hapa Arua kimeletewa kompyuta. Je, makosa ya dawa sasa yatakwisha? Na daftari la mtoto bado nije nalo?" (Mama wa watoto watatu, Arua)

Daftari njoo nalo, mama, wala usimpe mtoto achoree.

Mwaka 1998 Bates na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali ya Brigham and Women's ya huko Boston. Madaktari walipoacha kuandika dawa kwa mkono wakaanza kuziagiza kwenye kompyuta, makosa makubwa ya dawa yalipungua kwa asilimia 55. Kilichosaidia ni wakati. Daktari anaandika, kompyuta inasoma papo hapo, na dawa bado iko stoo. Kipimo kikizidi, au mgonjwa akiwa na mzio wa penisilini, daktari anaambiwa kabla dawa haijatoka.

Sasa angalia kompyuta zetu zinafanya kazi gani. DHIS2, mfumo wa takwimu ambao Wizara ya Afya ya Uganda inautumia nchi nzima tangu 2012, inapokea hesabu: malaria wangapi, wajawazito wangapi, chanjo ngapi. Wilaya inaijua, mtoto wako haimjui. Inayomjua mgonjwa mmoja mmoja ni UgandaEMR, mfumo wa mafaili ya wagonjwa, ambao utaukuta zaidi kwenye kliniki za ART, yaani za dawa za VVU. Imejengwa juu ya OpenMRS, mfumo ulioanza 2004 kwa kazi ya watu wa Indiana, Marekani, na wenzao wa Eldoret, hapo jirani Kenya. Lakini mara nyingi mganga anaandika kwenye kadi, halafu karani wa data anakuja kuingiza baadaye, jioni au hata kesho yake. Kompyuta ikigundua kosa saa hiyo, mgonjwa ameshafika nyumbani na dawa ameshaimeza.

Kwa hiyo ukifika kituoni uliza jambo moja tu: anayeandika dawa anaiandika wapi kwanza? Kama ni kwenye karatasi, kompyuta ile ni ya ripoti. Ripoti zina faida yake, lakini hazimlindi mtoto wako leo.

Na mashine nayo huja na makosa yake. Mwaka 2005 watafiti waliochunguza hospitali moja ya Pennsylvania walipata njia 22 ambazo mfumo wa kuagizia dawa ulikuwa unalisaidia kosa litokee. Mtu anabofya jina la juu badala ya la chini yake. Dawa ya zamani inaendelea kutolewa pamoja na mpya kwa sababu ziko kurasa mbali mbali. Mwaka huo huo hospitali ya watoto ya Pittsburgh ilieleza jambo zito zaidi: baada ya mfumo mpya kuwekwa, vifo vya watoto waliohamishiwa pale kutoka hospitali nyingine vilipanda kutoka asilimia 2.8 hadi 6.57. Mfumo ulisambazwa hospitali nzima kwa siku sita. Zamani madaktari walikuwa wakiagiza dawa mtoto akiwa bado njiani. Sasa ilibidi kwanza afike na aandikishwe kwenye kompyuta. Kwa mtoto mahututi, dakika zile ni nyingi. Hospitali ya watoto ya Seattle nao waliweka mfumo kama huo huo, wakajiandaa vizuri zaidi, na vifo havikupanda.

Ndiyo maana kiongozi akisimama kukabidhi kompyuta mbele ya kamera, mimi hutaka kujua ni nani aliyekaa na manesi kuuliza kazi yao inakwendaje, na umeme ukikatika wataandika wapi.

"Mganga kijana anatazama kompyuta tu, usoni hanitazami. Hii ni adabu gani?" (Mzee mstaafu, Bombo)

Salaam aleikum, mzee wangu. Kijana ana kosa, lakini huenda ana wagonjwa wengi nje na kurasa kadhaa za kujaza kwa kila mmoja.

Fanya hivi. Beba dawa zako zote, hata za mitishamba na zile ulizonunua dukani, uzimwage mezani mbele ya kibodi. Atakutazama tu. Kisha usikubali kuitwa kwa jina moja. Bombo ukiita "Ramadhan", nusu ya benchi itainuka! Taja majina yako yote na tarehe ya kuzaliwa, umwombe akusomee kilichoandikwa kwenye skrini. Faili la mtu mwingine likifunguliwa kwa jina lako, kila kitakachofuata kitakuwa safi kabisa na kitakuwa cha mtu mwingine.

"Mimi ni nesi. Usiku mmoja nilishika ampuli ya potasiamu nikidhani ni maji ya kuchanganyia sindano. Niliisoma kabla sijavuta. Sijamwambia mtu. Nikiripoti, si nitafukuzwa?" (Nesi, Busia)

Dada, pole, na ahsante kwa kuandika. Potasiamu ile ikiingia mshipani bila kuzimuliwa inaweza kusimamisha moyo, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Kwanza ujue hauko peke yako, na si shida ya nchi maskini tu. Mwaka 2023 Bates na wenzake walitoa uchunguzi wa hospitali 11 za Massachusetts, zenye kompyuta kila kona: karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne waliolazwa alipata angalau dhara moja kutokana na matibabu yenyewe, na dawa ndizo zilizoongoza.

Pili, ampuli ile ilikuwa inafanya nini pale? Mbili zinazofanana, rafu moja, usiku, taa hafifu: hapo hata nesi bora wa wilaya atakosea siku moja. Tangu 2007 Shirika la Afya Duniani linashauri potasiamu nzito isikae wodini ovyo. Itolewe, au ifungiwe kabatini peke yake na lebo ya kuonya. Hilo halihitaji intaneti wala mfadhili.

Brigham walikwenda mbali zaidi: nesi anapitisha kifaa juu ya dawa na juu ya bangili ya mgonjwa, na zisipolingana mashine inamwonya. Katika utafiti wao wa 2010, makosa ya kumpa mgonjwa dawa, ukiacha yale ya kuchelewesha, yalishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8. Ni hatua kubwa. Ila 6.8 si sifuri, na mashine ile hainunuliki Busia kesho asubuhi, kwa hiyo anza na rafu.

Kuhusu kufukuzwa, sitakudanganya kwamba kila inchaji, yaani msimamizi, ni mwelewa. Wapo wanaotafuta wa kulaumiwa kwanza. Kwa hiyo usipeleke ungamo, peleka ombi: "Ampuli hizi zinafanana, nusura zichanganywe, naomba tuzitenganishe." Yote ni kweli, na jina lako halimo. Kisha shauri wodi iwe na daftari la nusura: kitu gani, saa ngapi, kiligunduliwaje, bila majina. Inchaji akilisoma kila mwezi ataona tatizo liko rafu gani.

Mgonjwa akiwa ameshadhurika na dawa, hapo ni suala jingine. Taarifa inapaswa kufika NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, na siku hizi unaweza kuituma kwa simu kupitia programu ya Med Safety.

"Nachukua dawa za ARV. Nani anaweza kufungua faili langu kwenye kompyuta?" (Mwendesha boda, Kampala)

Ndugu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti, na inakupa haki ya kuuliza wanahifadhi nini juu yako na kudai kisahihishwe kikiwa na kosa. Pasipoeleweka, iko Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ya kupokea malalamiko.

Sheria ni nzuri. Ila kliniki moja nimeona nywila imeandikwa kwenye plasta ya kidonda na kubandikwa pembeni ya skrini, wafanyakazi wote wanaitumia hiyo hiyo. Hapo faili likifunguliwa, hakuna atakayejua ni nani aliyelifungua. Waulize kama kila mmoja ana yake.

"Wanangu wawili wamepewa Coartem siku moja. Mkubwa ana umri wa miaka sita, amepewa vidonge viwili kwa mara. Mdogo kimoja. Si ugonjwa ule ule?" (Baba, Tororo)

Ugonjwa ni ule ule, malaria, baba, uzito ni tofauti. Kwa tembe za kawaida, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anameza kimoja kwa mara, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, na kuanzia 35 vinne, kama mtu mzima. Ni mara sita kwa siku tatu: dozi ya pili yakishapita masaa manane tangu ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Wape na chakula au maziwa, na wasiache katikati hata homa ikishuka.

Umri peke yake hautoshi, maana wapo wa miaka sita wenye kilo 14 na wapo wenye 22. Hata kompyuta ikiingiziwa kilo za kukisia itatoa jibu la kukisia. Kama hawakupimwa, rudi nao leo kabla ya dozi ya jioni, uombe mizani.