Binti haniamini: nimpeleke wapi?

SWALI: Namlea binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 15. Alikaa makao ya watoto tangu akiwa na miezi minane hadi miaka 11. Hataki kukumbatiwa, lakini mtu asiyemjua akimwita huenda naye. Chakula anakificha chini ya godoro. Shuleni wananishauri bweni, ndugu wanasema kuna kambi ya kunyoosha tabia. Nimpeleke wapi? – Mama mdogo, Mwanza

JIBU: Mama mdogo, tunakuomba sana, usimpeleke bweni wala kambi. Makaoni wahudumu hupokezana zamu, wengine huacha kazi. Mtoto hujifunza kwamba yeyote mwenye chakula anatosha, na kwamba kila mtu huondoka. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipowafuatilia watoto wachanga wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, mwaka 1954 hadi 1955, aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa nanga: anatambaa mbali, anageuka kumtazama, anarudi. Binti yako hakuipata nanga hiyo. Akiwa na miaka 15 bado anaweza kujifunza kumtegemea mtu, lakini awe mtu yule yule, asiyeondoka. Kwa hiyo programu inayomchukua kwako ikamrekebishe huko halafu imrudishe inamwondolea dawa yenyewe.

Anzia kliniki ya afya ya akili Bugando au hospitali yoyote ya rufaa iliyo karibu. Usiende kutafuta cheti cha ugonjwa wa mfungamano, yaani mtoto kushindwa kushikamana na mlezi. Vigezo vya kitabibu vya ugonjwa huo wa kujitenga na walezi vinataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 5, na kumbukumbu za makaoni ni nadra kuonyesha hayo. Omba apimwe sonona, kiwewe, shida ya umakini, hata usikivu. Omba pia azungumze na daktari peke yake, kwani huenda aliumizwa huko na hajamwambia mtu. Akifichua jambo la namna hiyo, litafikishwa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto.

Nenda na barua za makao, ripoti za shule na daftari la wiki mbili. Andika saa, kilichotangulia, alichofanya, ulichofanya wewe. Mfano: "Jumanne saa 12 jioni. Nilichelewa kurudi dakika 40. Alivunja kikombe, akajifungia." Ukisema tu "ni mkaidi", daktari hana pa kushika. Mistari mitano ya namna hii ikimwonyesha kwamba hasira inafuata kuchelewa kwako, anajua anatibu hofu.

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri muulize mambo mawili. Kwanza, namna ya kuurasimisha ulezi wako chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Pili, kama kuna kikundi cha Furaha Teens karibu nawe. Hiyo ni programu ya vikao 14 ambayo mlezi na kijana wa miaka 10 hadi 17 huhudhuria pamoja: kutenga muda wa wawili, kusifu, kukubaliana kanuni, kutuliza hasira. Haitibu kiwewe. Kama anaota ndoto za kutisha au anakwepa kabisa kuzungumzia yaliyopita, anahitaji tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, mara nyingi vikao 12 hadi 16, na mlezi akishirikishwa. Tiba hiyo ilijaribiwa Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13, ikiendeshwa na washauri wa kawaida waliofunzwa. Matokeo yalitoka 2020. Binti yako amevuka umri wa jaribio lile, ila tiba yenyewe hutumika hadi miaka 18.

Popote utakapoelekezwa, uliza kabla ya kulipa: mshauri atakuwa mmoja mwanzo hadi mwisho? Mimi nitaingia vikao vingapi? Akikataa kuongea mnafanya nini? Jibu likiwa ni viboko, kunyimwa chakula, kumshika kwa nguvu "mpaka akubali" au kumkataza kukupigia simu, ondoka naye siku hiyo hiyo. Mwaka 2000, huko Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 alifariki baada ya watu waliojiita matabibu kumviringisha shuka na kumkandamiza ili eti "azaliwe upya" kwa mama yake wa kuasili.

Tiba ikianza huenda akawa mkorofi zaidi kwa muda: anakupima kama nawe utaondoka. Wengi huacha hapo, na kwake huo ni ushahidi mwingine. Mwombe mshauri amtajie tarehe ya kikao cha mwisho mapema, angalau vikao vitatu kabla, asije akakuta tu mlango umefungwa. Akijikata au akisema anataka kufa, hospitali ni siku hiyo hiyo. Ushauri wa simu ni 116, bure.

Chakula cha chini ya godoro usikipekue mbele ya watu. Mpe kopo lenye mfuniko liwe lake, chumbani kwake: maandazi mawili, karanga, ndizi. Likiisha lijaze jioni, usimhoji. Ukikuta limebaki limejaa siku tatu mfululizo, andika daftarini, mshauri atataka kuliona hilo.