Maswali ya Wasomaji: "Mume alirudi katikati ya mahojiano"

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msaidizi wa utafiti. Tunawahoji wanawake waliopigwa na waume zao, tukitaka kujua walivyopokelewa walipokwenda kutibiwa. Nawafuata majumbani, peke yangu. Majuzi mume wa mhojiwa alirudi ghafla akatukuta na kinasa sauti kiko mezani. Yule mama alinyamaza, nami nikakosa la kusema. Tangu hapo silali vizuri, na nikikaribia mlango wa mhojiwa mwingine moyo unanienda mbio. Kiongozi wa mradi anasema kibali cha kamati ya maadili ya utafiti tunacho, tuendelee. Nikikataa nitakuwa nimekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Hutakuwa umekosea. Mwambie kiongozi wako, kwa heshima na kwa maandishi, kwamba unasimamisha ziara za nyumbani mpaka utaratibu ubadilike. Kibali ni ruhusa ya kuanza kazi. Hakimzuii mume kurudi mapema. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utafiti wa ukatili wa majumbani mwaka 2001, na jambo la kwanza ndani yake ni kwamba usalama wa wahojiwa na wa watafiti ndio unaotangulia na kuongoza kila uamuzi wa mradi. Wote wawili wametajwa pamoja, wewe na yeye.

Tuanze na yule mama, maana yeye bado anaishi na mtu huyo. Usimpigie simu wala kumtumia ujumbe, kwani hujui nani ameishika simu. Mpitie mhudumu wa afya aliyewakutanisha, amwulizie hali siku atakapokwenda kliniki kwa shughuli zake za kawaida. Kama yuko hatarini, mhudumu huyo ajue pa kumpeleka. Orodha ya mahali pa msaada ilitakiwa iwe mkononi mwenu, tena iliyohakikiwa kwamba simu zinapokelewa, kabla hamjamhoji mtu hata mmoja.

Wahojiwa wanaofuata wahojiwe penye faragha, mahali ambapo mwanamke ana sababu ya kuonekana: chumba cha kliniki siku ya miadi yake, kwa mfano. Kwa majirani na watu wa nyumbani, utafiti uitwe wa afya ya wanawake. Yeye mwenyewe aelezwe ukweli wote mkiwa wawili tu. Na katika nyumba moja ahojiwe mwanamke mmoja, ili mwingine asijue kilichoulizwa.

Halafu mkubaliane kabla ya swali la kwanza: akitokea mtu, tunazungumza nini? Beba ukurasa wa maswali yasiyo na madhara, uwe juu ya karatasi zako. Mlango ukilia, unazima kinasa sauti bila papara na kuendelea kwa sauti ileile: "Na huyu mdogo, chanjo alimaliza?" Fanyeni mazoezi ya hili ofisini, mmoja akiwa mume, mpaka mkono uzoee. Fomu ya ridhaa nayo, ile anayosaini mhojiwa kukubali kuhojiwa, angalia sana. Nakala yenye neno "ukatili" kwenye kichwa, ikiachwa chini ya godoro, inaweza kumletea kipigo kingine. Iombeni kamati iruhusu ridhaa ya mdomo, au karatasi isiyotaja mada.

Kwa upande wako, awepo mtu ofisini anayejua uko wapi na unatoka saa ngapi. Usipopiga simu kwa wakati, ajue hatua inayofuata ni ipi. Anayebaki akisema "labda simu imeisha chaji" hajakusaidia kitu.

Huko kukosa usingizi ni jambo ambalo miradi mingi hulipita haraka, na linaniuma. Anayesikiliza habari za vipigo siku nzima huondoka nazo mwilini. Anayeandika yaliyomo kwenye kinasa sauti huzisikia mara nyingi zaidi yako, kwa sababu anarudisha nyuma kila sentensi isiyosikika, pamoja na kilio. Dai mambo matatu: mahojiano machache kwa siku, kikao cha kuzungumza na msimamizi baada ya kazi nzito, na mshauri nasaha asiye bosi wako. Vyote viwe na fungu kwenye bajeti. Wewe usisubiri bajeti, mwone mshauri sasa.

SWALI: Nimebadilisha majina yote kwenye ripoti yangu ya mahojiano na wauguzi. Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Ukiandika "muuguzi mwanamume pekee wa wodi ya wazazi, aliyehamia baada ya mgomo", wenzake watamtambua kabla hawajamaliza sentensi. Ondoa wodi, jinsia au mgomo, chochote ambacho hoja yako haikihitaji. Soma kila nukuu kama angeisoma msimamizi wake, na ukiona shaka, ifupishe au iache. Sauti yenyewe pia ni utambulisho: hakikisha simu uliyorekodia haipandishi mafaili yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na orodha inayoonyesha jina halisi la kila mhojiwa ikae mbali na maandishi ya mahojiano. Kama ulitumia majadiliano ya kikundi, usiwaahidi usiri kamili, kwa sababu huwezi kuufunga mdomo wa aliyeketi kiti cha pili. Waambie hivyo mapema, na anayetaka kusema la siri asubiri muwe wawili.