Kisigino cha mwanangu kitakatwa wapi?

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 ana nyayo bapa zinazomuuma, na daktari anataka kukata mfupa wa kisigino ili aurefushe. Mbona ameagiza picha za CT ilhali eksirei zipo? – Mama Neema

JIBU: Pole kwa kuuguza, Mama Neema. Mfupa wa kisigino hubeba mfupa wa kifundo kwa nyuso tatu zenye gegedu, yaani tishu telezi inayofunika mifupa kwenye kiungo: uso wa nyuma, ambao ndio mkubwa, wa kati na wa mbele. Hapo watu hatufanani, kwani kwa wengine uso wa kati na wa mbele hutenganishwa na mfereji mwembamba, kwa wengine huungana, na wapo wasio na uso wa mbele kabisa. Katika upasuaji huo, ambao daktari wa upasuaji wa mifupa Dillwyn Evans aliueleza mwaka 1975, mfupa hukatwa karibu na ncha yake ya mbele, kisha kipande cha mfupa huchomekwa kama kabari. Nyuso zikiwa zimetengana, msumeno unaweza kupita katikati. Zikiwa zimeungana, hupasua gegedu yenyewe, nayo haiungi vizuri kama mfupa. Eksirei ya kawaida huzionyesha nyuso hizo zikiwa zimefunikana, lakini CT, ambayo hupiga mfupa picha za vipande vyembamba, huonyesha kila uso peke yake, kwa hiyo daktari wako amefanya jambo la busara. Mwombe akuonyeshe kwenye picha mahali atakapokata.