Mnyama Aliyesinzia Hakohoi

Wanagenzi, kila kundi jipya linaloingia maabara na majani ya kikohozi hurudia makosa yale yale. Yasikieni kabla hamjaanza kusaga.

1. Usiandike "kivumbasi" ukaishia hapo. Jina hilo watu hulitumia kwa zaidi ya mmea mmoja wa jamaa ya mrehani. Chuma tawi lenye maua, likaushe, ulihifadhi pamoja na tarehe na shehia.

2. Karafuu huanikwa juani kwenye majamvi. Kivumbasi hakitaki hivyo: kianike kivulini, maana harufu inayopotea ndiyo mafuta unayoyatafuta. Loweka unga gramu 100 katika ethanoli (kileo) ya asilimia 70 lita 1 kwa saa 72, halafu vukiza kileo chini ya nyuzi 40.

3. Asidi ya sitriki, ile ya kumkohoza mnyama wa jaribio, iko ya aina mbili, soma chupa! Kwa mililita 100 za mmumunyo wa moli 0.4 kwa lita, asidi isiyo na maji ndani ya chembe zake ni gramu 7.7, yenye maji ni gramu 8.4.

4. Hapa tukae kidogo, maana ndipo kazi za miezi zinapoharibika. Simbilisi, yule mnyama mdogo wa maabara, kapewa dozi ya dawa ya mmea, katiwa sandukuni, kapuliziwa ukungu wa asidi dakika 10. Jana alikohoa mara 18, leo mara 3, na watu wanashangilia. Jamani, mtazameni! Tumbo limelala sakafuni, macho nusu wazi, ukimgusa hashtuki. Huyo amelewa, hajapona. Yujenoli, kemikali ya karafuu iliyomo pia katika baadhi ya kivumbasi, ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa kulevya samaki. Na msijifiche nyuma ya kodeini, dawa ya kikohozi ya kulinganishia, kwamba matokeo yamefanana, kwani kodeini nayo husinzisha na kupunguza pumzi. Kabla ya ukungu, hesabu pumzi zake dakika nzima, kisha mlaze chali uone kama anajigeuza papo hapo. Akichelewa, punguza dozi kwa nusu uanze upya. Halafu hiyo jana na leo: njia ya hewa huizoea asidi, kikohozi kikapungua chenyewe. Bila kundi lililopewa kiyeyushi kitupu, yaani kile kile kinachobeba dawa lakini bila mmea, hamna jibu.

Chafya pia msizihesabu. Anayekohoa hufungua mdomo na kunyoosha shingo. Anayepiga chafya hupangusa pua kwa miguu ya mbele.

5. Mkifika kwenye shira ya kuwapa watu, kundi la ulinganisho linywe shira ile ile isiyo na mmea. Utamu peke yake hutuliza koo.