Mnara wa Thanjavur: bila chokaa, na bado umesimama

SWALI: Mimi ni fundi uashi. Nimesikia kwamba hekalu la Brihadisvara huko Thanjavur, India kusini, limejengwa kwa mawe bila chokaa, kileleni lina jiwe moja la tani 80, na mnara wake hauna kivuli saa sita mchana. Lipi ni la kweli?

JIBU: Ni hilo la chokaa tu, nalo ndilo linalostahili macho ya fundi.

Hekalu hili la Shiva, mungu wa Kihindu, lilijengwa na Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa Chola, nasaba iliyotawala India kusini. Maandishi yaliyochongwa ukutani yanaeleza kwamba siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake alitoa chungu cha shaba kilichofunikwa dhahabu kiwekwe kileleni. Huo ni mwaka 1010.

Mnara, yaani vimana, una kimo cha zaidi ya mita 60 juu ya kitako cha mraba chenye takriban mita 30 kila upande. Chini kuna kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na ujia wa ghorofa mbili kati yake. Juu ya ujia, kila kozi (safu) ya mawe ya ukuta mmoja inasogea kidogo kuelekea ile ya ukuta wa pili mpaka kuta zikutane ziwe ukuta mmoja mnene. Hapo ndipo piramidi inapokalia, na ndani yake ni tupu.

Hakuna tao hata moja. Jiwe linalala bapa, pua yake inachomoza ndani, mkia wake unakandamizwa na kozi ya juu. Pua ikizidi mkia kabla mzigo haujakaa, jiwe linabinuka. Kwa kuwa uzito unashuka wima, hakuna msukumo mkubwa wa kutanua kuta, na msuguano unatosha kuyashika mawe. Shida inahamia kwenye uchongaji: graniti iliyokaa juu ya kinundu hubeba mzigo wote mahali pamoja, ikapasuka. Chokaa ipo, ila ni ya lipu: ndani ya ujia kuna michoro ya enzi za Chola, iliyofunikwa baadaye na michoro ya enzi za Nayaka, watawala waliokuja baada yao.

Kuba la kileleni limeundwa kwa vipande kadhaa. Kuna simulizi kwamba jiwe lilivutwa hadi juu kwa njia ya mteremko ya kilomita 6; lilizaliwa na hilo dai la jiwe moja. Piga hesabu: njia ya mita 10 kwa upana, kingo wima, ikipanda hadi mita 60, inameza kifusi cha mita za ujazo 1,800,000. Vipande havihitaji kazi hiyo.

Kivuli nacho kipo. Thanjavur iko karibu nyuzi 10.8 kaskazini mwa ikweta, hivyo jua huwa utosini mara mbili tu kwa mwaka, Aprili na Agosti. Mwishoni mwa Desemba, saa sita mchana, jua liko kama nyuzi 56 juu ya upeo, na kivuli cha kilele kinaanguka zaidi ya mita 40 kaskazini mwa kitovu cha mnara. Ukitoa mita 15 za nusu ya kitako, kinabaki kivuli kirefu uani.