Ndugu zangu mnaosaka babu wa Kiholanzi, tulizeni vidole

Wiki hii nimeletewa mti wa ukoo ambamo bwana harusi alifariki miaka ishirini kabla ya harusi yake. Mwenye mti wala hakushtuka, alitaka tu nimwonyeshe jinsi ya kuuchapisha kwa rangi. Basi nyie mnaoanza, hasa mliooa au kuolewa kwenye koo hizi za Kiholanzi za Michigan na Iowa, Marekani, na wakwe wamewabebesha nasaba yao kama walivyonibebesha mimi, sikieni.

1. Msikimbilie Uholanzi. Maliza kwanza makaburi, vitabu vya kanisa na sensa ya Marekani ya 1900, ile yenye safu ya mwaka wa kuhamia. Ya 1890 achaneni nayo, karibu yote iliharibika kwenye moto wa 1921. Bila jina la kijiji alikotoka hujaanza bado.

2. Kwenye orodha za Kiholanzi, De Vries yuko kwenye V, Van der Meer kwenye M. Mwanamke huandikwa kwa jina la kwao mpaka kifo chake, hata awe na wajukuu thelathini. Na kabla ya usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo wa 1811, kwenye mikoa ya Friesland na Drenthe wengi walitembea na jina la baba tu, kwa hiyo mkikuta Jan Pieters msimtafutie ukoo wa Pieters.

3. Majina ya marehemu. Mnajua mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Mtoto akifa, jina halizikwi naye. Anayefuata hulichukua lile lile, maana babu hawezi kukaa bila somo. Hili nililijua vizuri, nilikuwa hata nawafundisha wengine. Kisha nikampata babu mkuu wa mume wangu: kijiji chenyewe cha Drenthe, baba ndiye, mama ndiye, kuzaliwa 1838. Sensa zote za Marekani zilimpunguzia miaka mitatu. Nikasema, ah, wazee wale hawakujua umri wao. Sentensi hiyo muiogope. Sensa zote zinakosea upande mmoja, kwa miaka ile ile, na mimi nazicheka!

Nikachapisha. Mama mkwe akatia kwenye fremu, sebuleni, juu ya televisheni. Tarehe yake ya kuzaliwa ikawa siku ya kula keki. Mpaka binti mmoja mgeni wa kazi hii, hata rejista alikuwa bado anazifungua kwa kuparamia, akaniuliza kwa adabu zote: "Shangazi, mbona huyu alikufa 1840?" Babu wa kweli alizaliwa 1841. Miaka yote ile tulikuwa tunamkatia keki kaka yake, mtoto aliyekufa hata kusema hajajua sawasawa. Fremu ipo mpaka leo, mama mkwe anasema aliilipia. Lakini kinachoniuma ni mitandaoni: watu waliinakili kazi yangu, na nikiwaandikia hawajibu. Nikiitafuta leo naikuta kwenye miti ya watu nisiowajua, pamoja na kosa langu la herufi kwenye jina la kijiji.

Kwa hiyo kila mkipata kuzaliwa, tafuteni na kifo cha utotoni kabla ya kubandika chochote. Halafu fungueni viambatisho vya ndoa, huwelijksbijlagen mnazozipita kila siku kwa uvivu: nakala ya kuzaliwa ya bwana na ya bibi, cheti cha bwana cha jeshi, vifo vya wazazi waliotangulia. Kama alioa Marekani, rejista ya wakazi ya Uholanzi kuanzia 1850 inaonyesha nyumba nzima, na pembeni karani ameandika "Noord-Amerika" na tarehe ya kuondoka.

4. Meli ya Phoenix. Iliungua Ziwa Michigan karibu na Sheboygan tarehe 21 Novemba 1847, imejaa Waholanzi, na waliookoka walikuwa wachache mno. Ukisikiliza hadithi za familia, manusura wake wangejaza mji. Nimeshaletewa "manusura" ambaye rejista ya wakazi inamwonyesha 1852 bado ni mtumishi wa shamba Gelderland, kule kule Uholanzi. Kagueni kimyakimya, na mkikuta hakuwemo, msimwambie mzee wa watu mezani siku ya Krismasi. Ngojeni Januari.