Mzee wa Ujerumani Mashariki akianza "enzi zetu", wewe ufanye nini?

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, simu yangu haipoi. Vijana wanaojiandaa kuja kufanya kazi kwenye makao ya wazee huniuliza mambo yaleyale: mshahara, baridi, mtihani wa lugha. Bado sijampata anayeuliza habari ya mazungumzo ya mezani. Ukipangiwa München, upande wa magharibi, huenda lisikuhusu sana. Ukipangiwa huku mashariki, Chemnitz niliko mimi, au Zwickau, Dresden, Leipzig, utasikia mapema tu, tena kahawa haijamiminwa: "Wakati wa DDR haya hayakuwepo."

DDR ndiyo Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, iliyozaliwa 1949 na kuisha tarehe 3 Oktoba 1990. Mji wenyewe huu uliitwa Karl-Marx-Stadt kuanzia 1953 hadi 1990, na sanamu ya kichwa cha Marx, chenye urefu wa mita 7, bado iko katikati ya mji. Historia iliyobaki utaisoma mwenyewe. Mimi nataka kukwambia la kufanya mzee anapoanza.

Usikimbilie siasa. Muulize kitu. Muulize alikuwa anafanya kazi wapi, kiwanda kilitengeneza nini, mashine yake ilikuwaje. Bibi mmoja ninayemhudumia haendi popote bila mkoba wake wa Dederon, kitambaa cha nailoni cha enzi hizo, chenye maua ya rangi kali. Anaukunja hadi unaenea kwenye kiganja, anautia mfukoni mwa sweta, kisha anapapasa mfuko kuhakikisha upo. Anakwenda bustanini tu, hakuna duka. Lakini miaka ile mtu hakutoka nyumbani bila mkoba, maana hujui njiani utakuta nini kimeshushwa dukani. Ukiona foleni unaingia kwanza, halafu ndipo unamuuliza aliye mbele yako kinachouzwa. Anaponisimulia hayo hucheka mpaka machozi.

Na mimi nacheka naye, kwa kuwa mama yangu Tanga ana hadithi hizohizo za mwanzoni mwa miaka ya 1980: foleni za duka la kaya, unga wa Yanga (ule wa mahindi ya njano), kufulia majani ya mpapai sabuni ilipoadimika. Ukimsikiliza mama utadhani anasimulia harusi. Wala hataki sabuni ipotee tena. Anaukumbuka mtaa uliokuwa unajuana, na umri aliokuwa nao.

Kwa hiyo usimsahihishe mzee kwa takwimu. Atakwambia mkate mdogo wa asubuhi ulikuwa pfennig 5 (senti za mark, fedha yao), na kweli ulikuwa pfennig 5, mwaka nenda mwaka rudi. Kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, chekechea zilikuwepo, na wanawake karibu 9 kati ya 10 walikuwa kazini au masomoni. Hayo si ndoto zake. Asipoulizwa, hatataja kwamba pakiti ya kahawa ya gramu 125 iliuzwa mark 8.75, au kwamba mwaka 1977 serikali ilikosa fedha za kigeni ikawauzia watu mchanganyiko, nusu kahawa na nusu vitu kama nafaka na njegere. Muulize ladha yake uone. Meza nzima itafufuka, kila mtu na tusi lake. Gari je? Trabant waliingojea zaidi ya miaka 10, na leo wanaizungumzia kwa mahaba kama mume mkorofi aliyekwisha kufa.

Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba machungu mengi chanzo chake ni mwaka 1990, kuliko miaka ya kabla yake. Tarehe 1 Julai mwaka huo fedha ya Ujerumani Magharibi iliingia. Madukani vitu vikajaa, na viwandani oda zikakatika. Shirika la Treuhandanstalt, lililoundwa kubinafsisha mali ya serikali ya DDR, lilikabidhiwa makampuni zaidi ya 8,000 yenye wafanyakazi wapatao milioni 4. Mengi yaliuzwa, mengine yalifungwa. Fundi mwenye miaka 45, mwenye nishani za kazi, aliambiwa ujuzi wake hauhitajiki, akapelekwa kozi ya kompyuta na kijana aliyetoka Magharibi. Mtu huyo leo ana miaka 80 na wewe ndiye unayemvalisha soksi. Anaposema zamani palikuwa pazuri, mara nyingi anasema zamani alikuwa na maana kwa watu. Muulize kuhusu nishani, na kama anayo kabatini mwambie akuonyeshe.

Ila usiitikie kila kitu pia. Hili nalisisitiza, kwani sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa. Kwenye meza hiyohiyo anaweza kuwa amekaa mtu aliyefungwa gereza la Bautzen kwa kujaribu kuvuka kwenda Magharibi, au mama aliyekwenda kusoma faili lake la Stasi mafaili yalipofunguliwa 1992 akakuta jirani yake ndiye aliyekuwa anampeleleza. Polisi wa siri hao walikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 mwaka 1989, mbali na wapasha habari. Wewe ukisema "kweli, zamani palikuwa afadhali" ili kumfurahisha mmoja, mwingine ataacha kula. Mimi husema tu, "Nisimulie ilivyokuwa kwako." Kwako. Akimaliza, namgeukia mwingine. Wakianza kubishana waache kidogo; ubishi nao ni uhai, na ni nadra kumuona mzee amekaa wima namna ile.

Kuna la kutuhusu sisi weusi. Utaambiwa, "Sisi tulikuwa marafiki wa Afrika." Lina ukweli wake. Wajerumani Mashariki ndio waliojenga nyumba za Kikwajuni na Kilimani, Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, na ukitaja Zanzibar utaona macho yanavyong'aa. Lakini kulikuwa pia na maelfu ya vijana wa Msumbiji walioletwa kwa mkataba wa 1979 kufanya kazi viwandani. Walilazwa mabwenini mbali na wenyeji, sehemu ya mishahara yao ikakatwa eti watalipwa nyumbani, na wengi hawajalipwa mpaka leo. Mwanamke akishika mimba alirudishwa kwao au alilazimishwa kuitoa. Mzee wako pengine alifanya kazi mashine moja na kijana wa Maputo na hakujua lolote kati ya hayo. Hulazimiki kumhutubia huku unampima presha. Lakini hulazimiki pia kutabasamu. Mimi humuuliza, "Yule mwenzako aliitwa nani?" Wengine wanakumbuka jina. Wengine wananyamaza, nami naendelea na kazi.

Kwa wenye ugonjwa wa kusahau, vitu vinasaidia kuliko maswali. Makao mamoja ya Dresden yalitenga chumba kizima chenye samani na bidhaa za wakati huo, na wazee waliokuwa hawasemi wakaanza kushika vitu na kuvitumia. Huna haja ya chumba. Aproni ya nailoni, chupa ya Vita Cola, matango ya Spreewald, masoko ya mitumba na maduka ya hapa yamejaa vitu hivyo. Waombe ndugu za mzee kwanza ruhusa, maana wapo watoto wasiotaka kabisa kuviona.

Mwisho, angalia kalenda. Tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa na tarehe 9 Novemba ndipo Ukuta wa Berlin ulipofunguka, mwaka 1989. Siku hizo televisheni huonyesha picha zilezile kutwa nzima. Kabla hujaiwasha ukumbini, zunguka uwaulize mmoja mmoja, na anayekataa mpeleke kahawa yake chumbani.